Kibatari Chenye Povu

Chupa ziligongana. Sila Mgaya alizisikia kabla hajaona nyumba wala mlango, maana ukungu wa asubuhi ulikuwa umeifunika Makambako yote na kubakiza sauti tu. Chupa zikagongana tena, kreti likaburuzwa kwenye saruji, halafu mtu akacheka kicheko cha tumboni.

"Basi," Sila akajisemea. "Kesi imekwisha."

Akafunga gari, akaufuata mlio ule nyuma ya stendi, akipapasa ukuta wa mabati kwa kiganja.

Kesi yenyewe ilikuwa ya aibu tangu mwanzo. Fidelia, mwalimu wa kwaya katika usharika mmoja wa Njombe mjini, muuza parachichi na mke wa mzee wa kanisa, alikuwa amesemwa kuwa mlevi. Hakuna aliyemwona akinywa. Simu yake ndiyo iliyomsema. Mwaka huu benki iliacha kuwaonyesha wateja ile mistari ya herufi na tarakimu ambayo hata meneja hakuielewa. Sasa kila malipo yalikuja na jina la biashara, mji, aina ya huduma na picha ndogo pembeni: jani kwa pembejeo, basi kwa nauli, mkate kwa duka la vyakula. Makao makuu waliiita kazi hiyo kurutubisha miamala, na watu wa Njombe, wanaoijua mbolea, walilipenda neno hilo. Kwenye simu ya Fidelia, Jumamosi baada ya Jumamosi, palikuwa pamerutubishwa hivi: *Kilabu cha Rukaya, Makambako. Pombe.* Pembeni, glasi yenye povu.

Habari ikafika kwa wazee wa kanisa. Wakaamua asimame mbele ya usharika, atubu, arudi kundini. Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, yaani kesho. Mumewe, Nahumu, akaja benki, akauliza swali moja: nani humu ndani ametoa siri za mke wangu?

Sila alikuwa mchunguzi wa ndani wa benki, na jibu alidhani ameshalipata. Kwa mujibu wa mfumo, ni mtumishi mmoja tu wa tawi aliyewahi kuifungua akaunti ile: Brayson, karani wa huduma kwa wateja. Sila alimhoji ukumbini, wenzake wakisikia.

"Uliifungua kwa nini?"

"Nilikuwa namsaidia mama kutumia simu."

"Kumsaidia nini hasa?"

Brayson aliwatazama wenzake, kisha sakafu.

"Kitu gani ulichomfundisha mteja ambacho huwezi kukitaja mbele ya mchunguzi?"

"Siwezi kukisema, bosi."

"Basi wewe ni mmbea, na mmbea hakai benki." Sila alimvua kitambulisho shingoni kwa mkono wake mwenyewe, akamrudisha kwao Bulongwa asubiri barua ya kuachishwa kazi.

Kilichobaki kilikuwa tundu dogo. Fidelia, alipohojiwa, alisema maneno machache tu: "Mimi Jumamosi nalipia taa. Taa tu." Sila alipekua malipo yake yote ya umeme. Jumamosi hakuna hata moja. Akaandika: *mteja anadanganya.* Sasa alitaka kukiona kilabu kwa macho, azibe tundu, amalize.

Mlango ukajitokeza kwenye ukungu. Mbele yake palikuwa na makreti yaliyopangwa hadi usawa wa kifua, na mwanamume mnene mwenye kofia ya kufuma akiyapigia kelele.

"Karibu, afisa. Una sura ya TRA, watoza kodi. Kama ni TRA, mwenye duka kasafiri."

"Si TRA. Natafuta kilabu."

"Saa hizi?" Mtu yule alimtazama kuanzia viatu. "Pole sana, ndugu yangu. Hali imekuwa mbaya kiasi hicho?"

"Cha Rukaya."

"Ah!" Kicheko cha tumboni kikarudi. "Mwalimu akikusikia unaita hivyo na sura hiyo, atakuchapa fimbo. Mimi Abdulatif nauza jumla."

"Unauza nini?"

Abdulatif akachomoa chupa, akaifungua kwa kreti, akamsogezea puani. "Nusa. Nusa vizuri, usione haya."

Ilikuwa soda ya tangawizi. Sila alinusa makreti mengine mawili, akasoma nembo, akachungulia ndani ya stoo hadi ukutani. Hapakuwa na pipa, wala ndoo, wala harufu ya ulanzi, pombe ya mianzi.

"Umeridhika? Sasa zunguka nyuma. Na ukifika uvue kofia, mle ndani ni darasani."

Nyuma kulikuwa na chumba chenye dirisha moja. Sila alisimama nje yake. Sauti za watu wazima, nzito na za kukwaruza, zilikuwa zikitoka kwa pamoja:

"Ta. Te. Ti. To. Tu."

Akabisha. Sauti zikakatika ghafla, kama za watu waliofumaniwa. Alipofungua mlango aliona migongo tu. Wote walikuwa wamegeukia ukutani. Mwanamke mmoja alikuwa amejifunika khanga hadi machoni. Dereva mmoja wa lori, mtu wa miraba minne, alikuwa ameinamisha kichwa juu ya meza akijifanya amelala.

"Funga mlango," akasema mwanamke aliyesimama ubaoni. "Upo ndani au upo nje, chagua."

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa hapo."

Ilikuwa benchi ya wanafunzi. Sila akakaa, magoti yakamgusa kidevu. Akaonyesha kitambulisho cha benki.

"Wewe ndiye Rukaya mwenye lipa namba hii ya malipo ya simu?"

"Ndiye. Kuna kosa?"

"Biashara yako imesajiliwa kama kilabu."

"Ndivyo ilivyo. Wakala aliyenisajili aliuliza biashara inaitwaje, nikamwambia ni kilabu cha kusoma. Akasema jina refu, nafasi haitoshi. Akaandika Kilabu cha Rukaya."

"Hukushtuka?"

"Nishtuke nini? Kwetu Pangani kilabu ni watu kukutana. Kuna kilabu cha mpira, kuna kilabu cha taarabu. Nimezaliwa na kulelewa na vilabu."

"Huku kwetu, mwalimu, kilabu ni mahali pa kunywea ulanzi."

Migongo miwili ikatikisika kwa kicheko cha chini chini. Rukaya akaigeukia.

"Mlijua?"

"Tulijua, mwalimu," akasema dereva bila kuinua kichwa. "Tulidhani ni utani wako. Tena ulitusaidia. Mtu akiniuliza Jumamosi nakwenda wapi, namwambia kilabu. Haniulizi tena."

"Kwa hiyo ni afadhali uitwe mlevi, Odilo?"

"Afadhali mara mia."

Sila hakucheka. Alikuwa amekumbuka ukumbi wa tawi la Njombe, siku wataalamu wa makao makuu walipokuja kuonyesha mfumo mpya. Mashine yao ilikuwa imeyaweka malipo yote ya vilabu kwenye kundi la michezo, na kuyapa picha ya mpira. Tawi zima liliangua kicheko. Meneja Lameki akainua mkono: "Huku kilabu ni pombe, jamani. Andikeni pombe, mtusikilize wenyeji." Wakaandika. Wakapongezwa. Watu wakapiga makofi, Sila naye akiwemo.

Akakohoa. "Mwalimu, una mwanafunzi anayetoka Njombe?"

"Majina ya wanafunzi wangu hayavuki mlango huu."

"Kuna mtu ataaibishwa kesho kwa sababu ya kilabu chako."

"Na wewe unataka nimwaibishe leo?"

Macho ya Sila yakakimbilia ubaoni. Rukaya alikuwa amechora kwa chaki kibatari: mwili wa kopo, mpana juu, mwembamba chini, na juu yake moto aliouchora mviringo mviringo kama wingu. Chini yake, kwa herufi kubwa, neno moja. *Taa.*

Akasimama. Akatoa simu, akafungua picha aliyoichukua kwenye simu ya Fidelia, ile yenye ukubwa wa kucha. Mwili mpana juu, mwembamba chini. Juu, wingu. Akaenda kwa dereva.

"Mzee Odilo, samahani. Hii ni picha ya nini?"

Odilo akafungua jicho moja. "Kibatari."

"Siyo glasi ya bia?"

Akaitazama tena, akaivuta karibu. "Ukishasema glasi, naiona glasi. Ungeniacha mwenyewe, ni kibatari. Mbona kiko hapo ubaoni?"

*Mimi Jumamosi nalipia taa. Taa tu.*

"Mwalimu," Sila akasema taratibu, "sikuulizi jina tena. Nakuuliza kazi yako. Mtu anayeanza kwako, asiyejua herufi hata moja, anaweza kutumia simu ya benki?"

"Kwa nini asiweze? Namba wanazijua wote. Nani atauza parachichi bila kujua namba?"

Akafunga mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Sila aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akafika mlangoni, akaivua tena kuwaaga.

*

Njombe jua lilikuwa limechomoza lakini baridi ilikuwa palepale. Fidelia alikuwa uani kwake, mtaa wa Kibena, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akichambua parachichi: yenye doa huku, safi kule. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo ikipanda kanisani huwafanya watu waache kukohoa. Hakuinuka.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Umekuja kuniongezea au kunipunguzia?"

"Mzee yupo?"

"Yupo shambani nyuma huko. Hali mezani na mimi siku hizi." Akaitupa parachichi moja kule kwenye madoa, ingawa haikuwa na doa. "Sema."

Sila akatafuta ndoo nyingine, akaifudikiza, akakaa. Alikuwa amehoji wezi na matapeli wa kila namna. Leo alianzia mbali.

"Nilipokuja mara ya kwanza nilikuomba uandike maelezo yako. Ukasema niandike mimi, wewe utasema. Nikaandika, nikakusomea, ukatia sahihi. Sahihi nzuri sana."

"Mume wangu alinichorea tulipofunga ndoa. Nikaikariri." Alisema hivyo kabla hajajizuia, kisha mikono yake ikasimama juu ya parachichi.

"Mwalimu Rukaya hakunitajia jina," Sila akaharakisha. "Naapa hakunitajia. Ni taa iliyonileta."

Fidelia alitazama kuelekea shambani, kisha lango, kisha madirisha ya jirani. Akavuta kitenge hadi kifuani.

"Nimeongoza kwaya ile tangu nikiwa msichana," alisema, kwa sauti ambayo Sila alilazimika kuinama kuisikia. "Namba ya wimbo naisoma. Maneno yamo humu. Nashika kitabu kwa sababu mwalimu wa kwaya hushika kitabu. Sasa usharika unataka nyimbo mpya, zinakuja kwenye karatasi, na karatasi haiimbi. Ndiyo nikaenda Makambako, mahali ambapo hakuna anijuaye."

"Brayson alijua?"

"Alijua siku ile ile. Nilikwenda benki nikamwambia macho yananisumbua. Akanitazama tu. Hakunicheka. Akageuza kiti, akakaa upande wangu, akanionyesha picha: jani ni mbolea, basi ni nauli. Akasema, mama, benki yetu sasa ina picha, hutahitaji kumuuliza mtu. Wiki iliyofuata nikaiona taa. Nikasema, loo, hata wao wanajua nakwenda kutafuta mwanga."

"Kwa nini hukuniambia kwamba alikufundisha picha?"

"Na wewe ungeuliza, picha kwa nini."

Angeuliza. Angeuliza ukumbini, wenzake wakisikia. Sila aliushika ukosi wa shati lake, mahali ambapo kamba ya kitambulisho hukaa.

"Nilimsimamisha kazi," alisema. "Nilimuuliza alichokufundisha, akakataa kusema. Nilidhani ni hatia."

"Umemsimamisha kazi Brayson?"

"Yuko kwao Bulongwa."

Fidelia alimkazia macho. Ndipo Sila alipogundua kwamba mama huyu hakuwa ameambiwa. Nahumu alikwenda benki peke yake na kurudi peke yake, na tangu hapo nyumbani kwao palikuwa na salamu tu.

"Bado sijajua siri ilitokaje," Sila akaendelea. "Haikutoka benki. Brayson aliifungua akaunti yako kabla hujaanza kulipa Makambako. Tarehe zilikuwa mbele yangu na sikuzitazama. Kwa hiyo ni simu yenyewe. Nani mwingine aliishika?"

"Hyasinta."

"Wa kwaya?"

"Sauti ya kwanza. Tulikuwa tunachangia sare." Akafunika uso kwa viganja viwili vyenye utomvu wa parachichi, na maneno yakatoka katikati ya vidole. "Hakuniibia. Nilimpa mwenyewe. Nilimwambia, dada, njoo uone, benki yangu ina picha, tazama na taa yangu hii, kila Jumamosi. Niliringa. Akacheka, na mimi nikacheka naye."

Mlango wa uzio ulilia. Nahumu alikuwa amesimama pale na kreti begani. Haikujulikana amesimama tangu lini, lakini bega lilikuwa limeshaanza kutetemeka.

"Na jumbe za Jasmine?" aliuliza. "Mtoto anakuandikia, unaniletea nikusomee. Unasema miwani umeiacha kanisani."

"Baba Jasmine, umewahi kuniona na miwani?"

Nahumu akafikiri. Alilitua kreti chini polepole.

"Sijawahi," akasema. "Na sijawahi kuuliza." Akakaa juu ya kreti lile lile, parachichi zikabonyea chini yake, asiinuke.

Sila akawageukia wote wawili. "Picha hiyo nitaiondoa leo. Nitampigia Meneja Lameki, tuziondoe picha zote kwanza, mpaka..."

"Usiziondoe!" Fidelia alishusha mikono. "Mkiziondoa, mimi nitajuaje pesa zangu zimekwenda wapi? Nirudi kumpa kila mtu simu anisomee? Rekebisheni. Kilabu cha mwalimu kipeni kitabu. Na mkitaka kujua kitu ni nini, njooni muulize mwenye kitu, msiulizane wenyewe mkacheka."

"Ndiyo, mama." Sila aliinamisha kichwa. "Tatizo ni ripoti. Nikiandika kwamba lebo ilikosewa, utaepuka kesho. Lakini wataniuliza, kwa nini mama hakusema tangu mwanzo kwamba picha si ya kweli? Na Brayson alificha nini? Bila jibu, Brayson harudi. Na jibu ni lako, siwezi kuliandika bila wewe."

"Kwa hiyo nichague."

"Kwa hiyo uchague."

Upepo ulipita kwenye miti ya misindano. Fidelia aliokota parachichi ile aliyoitupa kimakosa, akaifuta, akairudisha kule kwenye safi.

"Mlevi ana njia," alisema. "Anasimama, anatubu, anarudi kundini, Jumapili inayofuata ameshasahauliwa. Mwalimu wa kwaya asiyejua kusoma anarudi wapi?"

Nahumu alifungua mdomo. Fidelia akainua kidole, mumewe akaufunga.

"Mpigie huyo kijana," akamwambia Sila. "Weka sauti kubwa."

Mtandao wa Bulongwa ulikwenda na kurudi. Simu iliita, ikakatika, ikaita tena. Kisha sauti ya Brayson, nyembamba, yenye woga: "Bosi?"

"Brayson, ni mimi Sila. Nilikukosea. Nimekukosea mbele ya watu, na Jumatatu nitakuomba radhi mbele ya watu hao hao. Yupo mtu hapa."

Akamkabidhi Fidelia simu. Aliishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na uso, kama anavyoshika kitabu cha nyimbo.

"Brayson mwanangu."

"Shikamoo, mama. Sikusema kitu, mama. Waliniuliza, sikusema."

"Marahaba. Najua hukusema. Sasa ni zamu yangu. Kesho wameniita mbele. Nitakwenda. Lakini sitarudi kundini, maana sikutoka. Nitawaambia wewe ulinifundisha picha, kwa sababu herufi sizijui. Nitawaonyesha na ile taa."

Sauti ya Brayson ikapanda.

"Mama, usifanye hivyo kwa ajili yangu. Watakucheka. Hyasinta atakuwepo, kwaya nzima itakuwepo. Watakucheka, mama."

Fidelia alimtazama mumewe, aliyekuwa bado amekalia parachichi zake zilizopondeka, na mumewe safari hii hakuinamisha macho.

"Watacheka," akasema ndani ya simu, na sauti yake ya kanisani ikawa imerudi. "Waache wacheke. Nakuahidi, mwanangu, sitakaa chini mpaka wamalize."